Bwana Usalama wa Machimbo ya Kokoto

Ni vigumu kumsema vibaya mtu ambaye kila asubuhi, kwa miaka, alikuitikia marahaba kwa moyo wote, akakuuliza hali ya mwanao kwa jina lake, na akasubiri jibu. Nitajitahidi. Wapo wengi wa kumsifu, na siku akifa watamsifu zaidi. Mimi nimebaki na haya.

Tulimwita Bwana Usalama. Ndiyo ilikuwa kazi yake katika machimbo ya mawe yaliyo nje ya Mikumi, ukishaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kilosa, ambako kampuni ilikuwa inapasua mlima na kuusaga uwe kokoto. Mimi nilikuwa kwenye mkanda pamoja na wanawake wenzangu, tukiokota mizizi na mabonge ya udongo katikati ya mawe kabla hayajaingia kwenye karasha, ile mashine ya kusagia. Jina lake la kuzaliwa nalijua. Sitaliandika, kwa kuwa wanawe hawajanikosea.

Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokulazimu usogee ndipo umsikie. Shati lake lilipigwa pasi hata siku zile vumbi lilipotufanya sote tufanane na watu waliotoka kusaga unga. Kofia yake ngumu ilikuwa nyeupe, na aliifuta kwa kitambaa kabla ya kuivaa na baada ya kuivua. Hakukalia kiti bila kukitikisa kwanza. Hakupita chini ya kitu kinachoning'inia, hata kama ni kamba ya kuanikia nguo. Maji ya kunywa aliyatoa nyumbani kwake yakiwa yamechemshwa. Bodaboda hakupanda mpaka ainame aangalie matairi, na kijana akinung'unika alimwambia, "Mwanangu, wewe una haraka ya kufika. Mimi nina haraka ya kurudi."

Watu walicheka, wakasema mzee huyu anaogopa kufa. Mimi nilikuja kuelewa vingine. Mtu yule alikuwa na macho. Pale tulipoona ngazi, yeye alimwona mtu ambaye ameshaanguka. Alikuwa akipita kwenye mashine akisimama hapa na pale, akitazama bolti, akitazama waya, na ukimfuata kwa nyuma ungeona kwamba kila aliposimama palikuwa na kitu kibovu. Alisimama, akaona, akaendelea na safari. Mjinga ningemsamehe.

Kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa alitukusanya kwenye uwanja mbele ya ofisi. Leo alianza na dua, kesho akamwachia Mkristo aombe, ili asionekane anapendelea. Kisha alizungumza. Alikuwa na misemo yake mwenyewe, na ilikuwa mizuri, sina budi kusema kweli. "Ajali haina miguu, hubebwa." "Mashine haina shemeji." "Kidole si mchicha, hakichipui." Mingine bado hunitoka mdomoni nikiwa jikoni, nami nikijisikia naisema hukasirika mpaka chakula kinaungua. Kwa muda mrefu sikujua kwa nini misemo ile inanikera, mpaka siku moja nikaisikiliza yote kwa pamoja. Yote ilituelekea sisi. Sikumsikia hata siku moja akitunga msemo wa mwenye mashine.

Karibu na ofisi palikuwa na kontena la bluu, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwake. Humo mlikuwa na kofia, miwani, glovu za ngozi, barakoa za vumbi na buti zenye chuma mbele. Najua kwa sababu tulivivaa. Simu ikipigwa kutoka Morogoro kwamba wakaguzi wako njiani, kontena lilifunguliwa, tukapanga foleni, tukavalishwa kama maharusi, vitu vyote vikinukia upya wa dukani. Wageni walipiga picha. Wakiondoka tulivua, naye alivipangusa kimoja kimoja na kuvirudisha ndani.

Siku moja mama mmoja mtu mzima kutoka Kilangali, asiyekuwa na simile, alikataa kuvua glovu.

"Bwana Usalama, mikono hii hata kesho itakuwa inaokota mawe," akasema.

Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mama, ukizivaa kila siku zitachakaa. Sasa wakija wageni utavaa nini?"

Tulingoja acheke ili tujue ni utani. Hakucheka. Yule mama akazivua, akamkabidhi, na viganja vyake vilikuwa na nyufa unazoweza kuweka punje ya mchele.

Habari ya vumbi nayo ni hiyo hiyo. Wachimbaji wa juu mlimani, wanaotoboa mwamba ili uwekwe baruti, walikohoa tangu nilipowakuta. Bwana Usalama alitugawia maziwa ya pakiti, akatuambia yanasafisha kifua. Tulimwamini, maana hata kwetu wazee wanasema hivyo. Lakini yeye akipanda mlimani alivaa barakoa nene yenye vichungio pande mbili, aliyoinunua mwenyewe Dar es Salaam. Nilimwuliza siku moja, kwa adabu zote, mbona sijawahi kumwona akinywa maziwa.

"Mimi maziwa hayapatani nami, mama Nuru," akajibu.

Nisije nikaonekana nina chuki tupu, nieleze na habari ya tembo. Mikumi tunaishi na wanyama. Mtu haendi shambani bila kuuliza wamepita wapi. Kiangazi kimoja dume la tembo lilitoka hifadhini, likafuata harufu ya maji mpaka kwenye tenki letu, likasimama pale likipepea masikio huku karasha likinguruma. Bwana Usalama alizima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Alitutoa wote, akatuingiza ndani ya ofisi na stoo, akasimama mlangoni kuhakikisha hakuna aliyebaki. Malori yalikuwa yamejipanga yanasubiri mzigo. Msimamizi wa uzalishaji, mtu mnene mwenye hasira za karibu, alimfokea mbele yetu kwamba kokoto zinahitajika leo.

"Mashine haiwashwi," Bwana Usalama akasema kwa ile sauti yake ya chini.

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Wala haikuwashwa. Tulikaa kimya, tembo akanywa, akaoga, akaenda zake, ndipo askari wa wanyamapori wakafika. Wenzangu walimpongeza Bwana Usalama siku nzima. Mimi nilikuwa nikijisemea moyoni, kumbe inawezekana. Kumbe neno moja la mtu huyu linazima karasha.

Na kuna habari ya mama wa Kisukuma, ambayo kila anayemsifu huanza nayo. Siku ya kulipua mwamba, king'ora kimeshalia na bendera nyekundu imeshapandishwa, mama mmoja wa familia za wafugaji walioshuka kutoka kanda ya ziwa alitokeza kwenye bonde la chini akifuatilia ndama aliyepotea. Hakujua maana ya king'ora. Tulimpigia kelele, naye akadhani tunamfukuza kwa sababu ya ng'ombe, akazidi kuja mbio ajieleze. Bwana Usalama alivua kofia ili akimbie vizuri. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akikimbia hivyo. Alimfikia, akamwangusha nyuma ya jabali na kumlalia, mlima ukalipuka. Jiwe lilimpiga begani. Alirudi akimshika mama yule mkono, damu imelowanisha lile shati la pasi, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama ndama amepatikana.

"Wabeja sana, baba," mama yule alikuwa akirudia kushukuru kwa Kisukuma, analia na kucheka. Tangu hapo akawa anamletea maziwa mgando kwenye kibuyu, na hayo Bwana Usalama aliyanywa.

Sasa mtu ataniuliza, unamchukiaje mtu kama huyo? Nami najibu kwamba ndiyo maana nikamchukia. Mwoga angekuwa na kisingizio.

Ustadi wake mkubwa ulikuwa hospitalini. Mtu akiumia, Bwana Usalama hakukosa kwenda kumtazama. Alibeba machungwa. Alimpa pole mama, akampa pole mke, akaketi kando ya kitanda baada ya kukitikisa kiti. Nilikuwapo alipomtembelea Zuberi, mpasua mawe aliyerukiwa na kipande cha jiwe jichoni. Jicho lilikuwa limefungwa bandeji na mkewe alikuwa anampepea.

"Zuberi mwanangu, miwani ulikuwa umevaa?" akamwuliza taratibu.

"Hapana, Bwana Usalama."

"Ulikuwa unajua inatakiwa kuvaliwa?"

"Nilikuwa najua."

"Nilikuwa nawaambia asubuhi au nilikuwa siwaambii?"

"Ulikuwa unatuambia, mzee."

"Basi Mwenyezi Mungu akuponye. Tunajifunza."

Mkewe Zuberi alishukuru kwa machungwa. Zuberi mwenyewe, kwa lile jicho lililobaki, alikuwa anatazama chini kama mtoto aliyevunja sahani. Miwani ilikuwa kontenani. Hakuna aliyelitaja kontena, hata mimi niliyekuwa nimesimama pale na chupa ya uji. Bwana Usalama alikuwa ametugeuza vichwa kiasi hicho. Mtu alipoteza jicho, akaomba radhi.

Nimechelewa kufika kwa Hamisi kwa sababu sipendi kufika.

Hamisi ni mdogo wangu, tumefuatana ziwa moja. Mimi ndiye niliyemwombea kazi, akawekwa kusafisha chini ya mkanda. Mwisho wa mkanda kuna rola, gurudumu refu la chuma linalouzungusha, na rola lile lilikuwa na kinga ya wavu wa chuma ili mtu asiweze kupenyeza mkono. Masika ile matope yalijaa ndani ya wavu, mkanda ukawa unakwama. Kila ukikwama mafundi walifungua bolti, wakasafisha, wakafunga, na muda ukapotea. Msimamizi wa uzalishaji akaagiza wavu utolewe mpaka mvua ziishe. Uliwekwa kwenye majani. Asubuhi yake, uwanjani, Bwana Usalama alisema rola liko wazi kwa muda, kila mtu awe mwangalifu. "Kwa muda," akasema, na akaupitisha ule msemo wa mashine na shemeji, watu wakacheka.

Mvua ziliisha. Wavu ulibaki kwenye majani, ng'ombe wa wafugaji wakawa wanajikuna nao.

Siku ile Hamisi alikuwa anakwangua udongo ulioganda kwenye rola kwa koleo, mashine ikitembea, maana kuizima ilihitaji ruhusa na ruhusa ilihitaji sababu. Mimi nilikuwa juu yake kwenye mkanda. Nilisikia koleo likigonga chuma, kisha sikusikia mlio wa koleo tena. Alipiga kelele mara moja tu. Nilipiga kelele mimi, wakapiga wote, mwendesha mashine akazima, lakini karasha likizimwa halisimami hapo hapo, linajivuta kama gari linaloteremka. Niliruka chini. Mkono wa kulia wa mdogo wangu ulikuwa umeingia mpaka juu ya kiwiko.

Bwana Usalama alifika kabla ya mtu mwingine yeyote. Alivua mshipi wa suruali yake, akaufunga juu ya jeraha, akaukaza kwa kipande cha chuma, akamshika Hamisi kichwa, akamwambia anitazame mimi. Hakutetemeka. Daktari alituambia baadaye kwamba aliyefunga mshipi ule ndiye aliyeokoa maisha. Haya nayaandika kwa mkono wangu, na yawe hivyo.

Tulipandishwa nyuma ya gari la kazini, kichwa cha Hamisi kwenye mapaja yangu. Gari lilipogeuka nilimwona Bwana Usalama amesimama na mafundi wawili, suruali ameishika kwa mkono mmoja isianguke, na kwa mkono mwingine anawaonyesha majani. Sikuelewa. Nilidhani labda kuna kipande cha Hamisi kimerukia huko.

Baada ya siku chache nilirudi machimboni kuchukua nguo za Hamisi. Nilikuta ofisa wa kazi kutoka mjini anakagua, ameongozana na Bwana Usalama na msimamizi. Wavu ulikuwa mahali pake. Ulikuwa umepakwa rangi ya njano inayong'aa. Nilisogea, nikaugusa, na kidole changu kikatoka na rangi.

"Baba, shikamoo," nikamwambia ofisa. "Huu wavu umefungwa baada ya mdogo wangu kuumia. Ulikuwa kwenye majani tangu masika. Tazama kidole changu."

Ofisa alitazama kidole, akamtazama Bwana Usalama.

Bwana Usalama hakukasirika. Alinisogelea, akaniwekea mkono begani kama baba. "Huyu ni dada yake majeruhi," akamweleza ofisa. "Ana uchungu, tumvumilie. Rangi tunapaka kila mwaka. Mama Nuru, kijana alifungua wavu mwenyewe ili akwangue haraka. Ni bidii ya kazi iliyomponza. Hatumlaumu."

Hatumlaumu! Nilitamani kuung'ata ule mkono. Lakini nilianza kulia, na nilipolia nikawa nimethibitisha maneno yake. Ofisa alisema "pole sana, mama," wakaendelea kutembea. Mafundi wawili walikuwa wameinamia gurudumu la lori, hawakuinua nyuso. Ikaandikwa kwamba Hamisi aliondoa kinga bila idhini. Kwa hiyo alirudi nyumbani Masanze na shati lenye mkono mmoja uliofungwa fundo, bila haki yoyote, na mimi sikupangiwa zamu tena. Wenzangu waliniambia kwamba asubuhi iliyofuata, uwanjani, Hamisi alikuwa ndiye mfano. Waliombewa wote wasiwe na papara kama yake.

Kinachoniumiza hadi leo ni kwamba Hamisi hana neno naye. Analima mahindi na mboga kwa mkono wa kushoto, jembe amelifupisha mpini na kuliegemeza kwenye ubavu, na nikimtaja Bwana Usalama kwa ubaya hunikatiza.

"Dada, mtu yule alinifunga mshipi wake. Ningekufa pale."

"Na wavu je?"

"Wavu haukuwa wake. Mshipi ulikuwa wake."

Tumegombana juu ya hilo mpaka mke wake amekuwa akitoka nje anaposikia tunaanza.

Mwaka huu umekuja mkasa wa Veronika, binti wa wafugaji wa huku Tindiga ninakolima mpunga sasa. Machimbo ni yale yale, mkanda ni ule ule, na wavu ulikuwa umetolewa tena. Yeye vidole vyake vinne vilikwenda. Naye akaambiwa aliufungua mwenyewe. Lakini baba yake hakukubali. Aliuza ng'ombe, akatafuta mwanasheria Morogoro, na mwanasheria akaanza kutafuta watu waliowahi kuuona wavu ule kwenye majani. Mimi nikajitolea. Akaniuliza kama yuko mtu wa ofisini, mtu wa kuaminika, anayejua desturi ile. Nilijua yuko. Alikuwa amestaafu na anaishi Kilosa mjini.

Shauri lile limekwisha, niliseme kabisa ili nisimweke mtu roho juu. Kampuni haikutaka lifike mbali, ikamlipa Veronika, na ikaamriwa wavu uchomelewe, usiweze kutoka tena kwa spana. Nimeenda kuuona. Nimeutingisha kwa mikono yangu. La Hamisi walisema ni la zamani mno. Hayo yote yalipatikana bila Bwana Usalama, kwa maneno yangu na ya yule mama wa Kilangali asiye na simile. Lakini siku ninayotaka kuieleza ilikuwa kabla ya hapo, nilipokwenda kumwomba.

Nyumba yake iko mahali pa juu, mbali na mto Mkondoa. Nilimkuta kibarazani anamenya mbaazi na mkewe. Amezeeka, bega lile la jiwe limeshuka kuliko lingine, lakini shati limepigwa pasi. Nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba simwamkii. Nilipofika, shikamoo ilinitoka yenyewe, kama kikohozi.

"Marahaba, mama Nuru. Nuru hajambo? Ameshamaliza shule?"

Nikasema hajambo, ameshamaliza. Mkewe akaniletea chai, akarudi kwenye mbaazi. Tukazungumza habari za mvua na mpunga. Kisha akasema mwenyewe, "Umekuja kwa ajili ya yule binti."

"Nimekuja kwa ajili ya wavu."

Akaondoa maganda mapajani. Halafu akaniambia yote. Sikutegemea. Aliniambia kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. Wavu ulikuwa nyuma ya tenki la maji. Bolti zake mbili zilikuwa zimepotea, akaagiza zitolewe kwenye mashine mbovu. Upande uliolala chini ulikuwa umeota kutu, mtu mwenye macho angegundua, kwa hiyo rangi ikawa wazo lake mwenyewe, msimamizi hakuwa hata na akili ya kufika huko. Aliyataja majina ya mafundi. Alikumbuka kwamba nilikuwa nimevaa khanga ya kijani.

"Na kidole changu?" nikamwuliza.

"Nilikiona. Nilitetemeka."

"Hukutetemeka, mzee. Ulinishika bega."

"Nilikushika ili nisianguke."

Mkewe alikuwa ameacha kumenya. Nikamwuliza kwa nini. Alifikiri, nadhani kwa unyofu. "Nilikuwa nimewaambia waurudishe, hawakuurudisha, nikanyamaza. Ukishanyamaza mara moja, mama Nuru, ya pili hawakuulizi."

"Ulizima mashine kwa ajili ya tembo."

"Tembo angeonekana na kila mtu," akasema.

Nilihisi kama mlango umefunguka. Nikamsogelea. "Basi mzee, njoo Morogoro useme hayo hayo. Kama ulivyoyasema hapa. Binti wa watu ana vidole vimekatika. Hamisi ana miaka yake yote mbele."

"Hapana," akasema.

"Kwa nini?"

"Hapa nimekwambia kwa sababu ni haki yako kujua. Kule nitaulizwa na mengine. Nikisema la Hamisi itabidi niseme na ya wengine. Hamisi hakuwa wa kwanza, mama Nuru." Aliitazama mikono yake. "Mimi sasa hivi nimebakiza jambo moja. Nataka nizikwe na watu. Msikitini wananijua, mtaani wananijua, wale wafugaji wananiita baba. Niache nizikwe na watu."

Nilisimama. "Mimi sitakuja kukuzika," nikamwambia.

Kwetu neno hilo halisemwi. Mkewe akasema, "Astaghfirullah."

Bwana Usalama hakupandisha sauti. "Utakuja," akasema. "Hamisi atakuja, na hutamwacha aje peke yake."

Nilijua ni kweli. Nilifunga khanga yangu, nikaaga. Akanyanyuka kunisindikiza, nami sikuweza kumzuia mzee asimsindikize mgeni wake, kwa hiyo tulitembea mpaka barabarani, yeye nyuma kidogo, akikwepa mawe.

"Tembea upande wa kulia," akaniambia tulipofika. "Upande huo unayaona magari yanayokuja."

Nikashika kushoto. Nilifanya makusudi, magari yakija mgongoni kwangu. Sikufika mbali. Fuso lililopakia magunia ya mchele lilinijia kwa nyuma, likapiga honi, upepo wake ukaninyakua khanga kichwani, nikarukia mtaroni na kuumia kifundo cha mguu. Dereva alitukana akapita.

Nilipogeuka, Bwana Usalama alikuwa bado amesimama pale pale aliponiacha. Alikuwa ameinua mkono, ananionyesha upande wa pili, bila hasira, kama anayemsubiri mtu mgumu kuelewa.

Nikaokota khanga yangu. Nikangoja barabara iwe tupu, nikavuka.